Larry Holmes na jabu iliyompa ufalme ikamnyima mapenzi

Usiku wa tarehe 9 Juni 1978, pale Caesars Palace mjini Las Vegas, kengele ya raundi ya 15 ililia huku majaji wote watatu wakiwa wamewapa mabondia wa uzito wa juu Ken Norton na Larry Holmes pointi sawa. Raundi 14 zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa pointi moja. Holmes alikuwa amepanda ulingoni na siri yake: siku chache kabla ya pambano alichanika msuli wa mkono wa kushoto, mkono uleule aliojengea kila kitu chake. Raundi za mwanzo mkono huo ulimpa uongozi. Baadaye Norton akaanza kuupita, akamsogelea, akamtandika mwilini, akasawazisha. Sasa zilibaki dakika tatu.

Raundi hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko pambano lolote la uzito wa juu, na kila mara kitu kilekile hunishika. Norton anaanza vizuri, anampiga Holmes mpaka anayumba. Holmes harudi nyuma. Anautoa mkono wa kushoto, ule mbovu, anamgusa Norton usoni, kisha wa kulia unafuata. Wanakwenda hivyo mpaka kengele, wote wawili wamechoka hadi magoti yanagongana. Majaji wawili waliandika 143-142 kwa Holmes, wa tatu akaandika 143-142 kwa Norton. Mkanda wa ubingwa wa WBC, Baraza la Ngumi Duniani, ukaenda Easton, Pennsylvania, nyumbani kwa Holmes.

Naanza na usiku huo kwa sababu kuna maneno nimeyasikia miaka yote, kwenye vibanda vya kuangalizia mapambano na kwenye vijiwe vya kahawa: bondia wa jabu, yaani konde la kunyoosha la mkono wa mbele, hana ladha. "Huyu anagusagusa tu," mtu atasema, na wengine wataitikia. Holmes aliitwa hivyo. Wladimir Klitschko, bingwa kutoka Ukraine, aliitwa hivyo miaka kumi mfululizo. Nadhani tumeishtaki ngumi isiyo na kosa. Jabu ndiyo inayomjengea bondia wa uzito wa juu namna yake ya kupigana, hilo halina ubishi. Lakini kupendwa au kutopendwa kwake hutegemea anachofanya sekunde moja baada ya jabu, na anachofanya siku mtu anapoivuka.

Tuitazame ngumi yenyewe kwanza. Jabu ni konde la mkono wa mbele, na kwa bondia anayesimama kawaida mkono huo ni wa kushoto. Linanyooka bila kuzunguka popote, ngumi inageuka mwishoni kabisa mpaka kiganja kinatazama chini, bega linapanda na kukifunika kidevu, mguu wa mbele unateleza nusu hatua. Kiuno hakizunguki sana, ndiyo maana mkono unarudi haraka na bondia anabaki amesimama imara, tayari kwa lingine. Katika makonde yote hili ndilo lenye safari fupi zaidi kufika usoni kwa mpinzani.

Kwenye uzito mdogo bondia anaweza kuingia na kutoka kwa miguu yake, akala ngumi tatu na kurudisha tano. Kwa watu wa kilo 100 hesabu ni nyingine. Konde moja linaweza kumaliza kazi, kwa hiyo swali kubwa la kila sekunde ni nani anaamua umbali kati yao. Mwenye jabu ndiye anayeamua. Akitaka mpinzani akae mbali, anamwekea ngumi usoni kila anapoinua mguu. Akitaka kumpiga kwa mkono wa kulia, anamfumba macho kwanza kwa glavu ya kushoto. Na ikiwa mkono wenyewe ni mzito, jabu peke yake inaumiza. Sonny Liston alikuwa na urefu wa kama sentimita 185 tu, lakini mikono yake ikinyooshwa ilifika sentimita 213, na jabu yake iliwasukuma watu wazima nyuma kama wamegongwa na mlango. Wengi wanamkumbuka Liston kwa sura ya kutisha na kwa kumlaza Floyd Patterson raundi ya kwanza mwaka 1962. Aliyewafikisha mahali pa kulazwa ni mkono wa kushoto.

Holmes aliipata jabu yake kwa njia ndefu. Alizaliwa Georgia mwaka 1949, akakulia Easton, akaacha shule mapema na kufanya kazi ya kuosha magari. Kijana akaingia kambi ya Muhammad Ali kule Deer Lake kama mtu wa kufanyia mazoezi, yaani mtu anayelipwa ili apigwe na bingwa. Ukikaa mbele ya jabu ya Ali siku baada ya siku, utajifunza mojawapo ya mambo mawili: kuikimbia au kuitengeneza ya kwako. Holmes aliitengeneza ya kwake, na haikuwa nakala. Ali alipiga jabu akirudi nyuma, kama mjeledi, mara nyingi akiegemea vidole vya miguu. Holmes alipiga akisogea mbele nusu hatua, uzito ukiwa nyuma ya bega, na mkono ukianzia chini, karibu na kiuno. Kuanzia chini hivyo kulimfanya mpinzani asiuone mkono unapoondoka. Ulipanda kutoka chini ya upeo wa macho, na ulipoonekana ulikuwa umeshafika.

Lakini mkono ulioshushwa hadi kiunoni hauukingi uso. Hapo ndipo namna ya Holmes ilipokuwa na hatari ndani yake, na hapo ndipo naona wanaomwita wa kugusagusa hawakumtazama. Septemba 1979 Earnie Shavers, mmoja wa wapigaji wazito kabisa wa enzi hizo, alimfikia kwa mkono wa kulia raundi ya saba. Holmes alianguka kama mtu aliyekatwa kamba. Akasimama. Raundi ya 11 mwamuzi alilisimamisha pambano, na mshindi alikuwa Holmes. Novemba 1981 Renaldo Snipes alimwangusha raundi ya saba vilevile, na vilevile Holmes akamaliza kazi raundi ya 11. Huyu ndiye bondia wa kujificha nyuma ya mkono wake? Alisimama mahali ambapo jabu yake inafika, na mahali hapo ngumi za wengine zilifika pia.

Kwa nini basi hakupendwa? Mkono wake wa kushoto haukuwa na hatia hata kidogo. Kosa lake lilikuwa kuja baada ya Ali, na pigo la mwisho akalipiga yeye mwenyewe tarehe 2 Oktoba 1980. Februari ya mwaka huohuo Ali alikuwa Dar es Salaam, mjumbe wa Rais Jimmy Carter, akizunguka Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Miezi minane baadaye Ali, akiwa na miaka 38 na miaka miwili bila pambano, alipanda ulingoni Las Vegas mbele ya kijana wake wa zamani wa mazoezi. Aliyepiga jabu usiku ule alikuwa mmoja tu. Kwa raundi kumi glavu ya kushoto ya Holmes ilifika na kurudi, ikafika na kurudi, kwenye uso uliokuwa maarufu kuliko uso wowote duniani, na Ali hakuweza hata kuinamisha kichwa kwa wakati. Hakushinda raundi hata moja kwa jaji yeyote. Holmes alimgeukia mwamuzi akitaka asimamishe. Baada ya raundi ya kumi Angelo Dundee, mwalimu wa Ali, akakatisha, Ali akabaki kwenye kiti chake. Holmes alilia baadaye.

Nani angempenda mtu aliyefanya vile, hata kama alifanya huku machozi yanamlenga? Watu walikuwa wamemfananisha na Ali tangu mwanzo: anasogea kama Ali, anapiga jabu kama Ali, ila hasemi kama Ali. Jabu yake ilikuwa bora zaidi kwa maoni yangu, nzito zaidi na sahihi zaidi, lakini kila ilipofika usoni kwa mtu iliwakumbusha watazamaji mtu mwingine waliyemkosa. Juni 1982 akamshinda Gerry Cooney raundi ya 13, katika pambano lililouzwa kwa rangi za ngozi zao kuliko kwa ubora wao, na bado heshima haikuja. Alitetea ubingwa mara 20. Alifika mapambano 48 bila kushindwa, akabakiza moja kuifikia rekodi ya Rocky Marciano, na Septemba 1985 Michael Spinks akamshinda kwa pointi. Usiku ule uchungu wa miaka yote ulimtoka mdomoni kwa maneno mabaya juu ya Marciano, aliyekuwa ameshafariki. Aliomba radhi, lakini watu walikuwa wameshapata sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Sasa mtazame Wladimir Klitschko, kwa sababu hapa kuna jambo la kupima. Kwenye rekodi zao, mikono ya Holmes na ya Klitschko ikinyooshwa ina urefu uleule, kama sentimita 206. Wote wawili walitawala uzito wa juu kwa ngumi ileile ya kushoto. Lakini ukiwatazama mmoja baada ya mwingine utadhani ni michezo miwili tofauti.

Klitschko alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka 1996 akiwa mpigaji. Kisha Corrie Sanders akamwangusha vibaya mwaka 2003 kule Hannover, raundi ya pili. Mwaka uliofuata akaishiwa nguvu mbele ya Lamon Brewster, akapoteza raundi ya tano. Wengi walimzika. Emanuel Steward, mwalimu wake kutoka Detroit, ndiye aliyemjenga upya, na alimjenga kuzunguka mkono wa mbele. Mpango ulikuwa rahisi na mgumu kuuvunja: piga jabu kutoka mbali, urefu wako wa sentimita 198 unakuruhusu, mpinzani akiingia, mkumbatie, mlalie kwa uzito wako, mwamuzi awatenganishe, anza upya. Kwa mpango huo Klitschko hakupoteza pambano kwa zaidi ya miaka 11.

Tatizo lote la mvuto wa Klitschko limo katika sehemu ya pili ya mpango huo. Februari 2008 alimshinda Sultan Ibragimov pale Madison Square Garden, New York, na ukumbi ukazomea. Watu walisema ni jabu. Lakini mtazame alivyopigana na Alexander Povetkin kule Moscow, Oktoba 2013. Povetkin alianguka mara nne. Mara nne! Kama watu wanataka kuona mtu akienda chini, walipewa. Hata hivyo ni pambano gumu kulitazama mpaka mwisho, kwa sababu kati ya anguko na anguko Klitschko alimkumbatia, akamlalia, akamsukuma mpaka akakatwa pointi. Jabu ilishtakiwa kwa kosa la kukumbatia. Holmes baada ya jabu alipiga mkono wa kulia, akabaki palepale, akapokea cha kupokea. Klitschko baada ya jabu alifunga duka.

Na bado hadithi ya mvuto wake haikuwa moja. Ujerumani, alikokuwa amefanya makao, jabu hiyohiyo ilijaza viwanja vya mpira. Juni 2009 watu wapatao 61,000 walikwenda Gelsenkirchen kumwona akimpiga Ruslan Chagaev. Mashabiki wa kule walimpenda kama mtu anavyompenda fundi mwenye mkono msafi: kila kitu mahali pake, hakuna kubahatisha. Siwezi kuwalaumu. Wana New York walikuja kutafuta hatari, na yeye kazi yake ilikuwa kuiondoa hatari.

Novemba 2015, Düsseldorf, Tyson Fury aliizima jabu hiyo, na alichofanya kinafundisha kuliko mapambano kumi. Hakumpiga sana Klitschko. Alikuwa mrefu kumzidi, sentimita 206, na usiku kucha alitingisha mabega, akarusha mikono nusu njia na kuirudisha, akabadilisha upande wa kusimama, akaweka mikono nyuma ya mgongo. Jabu inahitaji mtu aliye mahali panapojulikana. Klitschko hakujua Fury yuko wapi, kwa hiyo mkono ukabaki umenyooka hewani kama mkono wa mtu anayepapasa gizani. Kwa raundi 12 nzima hesabu ya makonde yake yaliyofika ilikuwa 52. Na jabu ilipokufa hakukuwa na kitu nyuma yake, maana kila ngumi nyingine aliizoesha kungoja ruhusa ya hiyo moja. Hiyo ndiyo bei ya kujenga nyumba nzima juu ya nguzo moja, na mabondia vijana wanaojivunia mikono mirefu wanapaswa kulitazama pambano hilo hata kama linachosha.

Kisha ikaja Wembley, tarehe 29 Aprili 2017. Klitschko ana miaka 41, watu 90,000 uwanjani, mbele yake Anthony Joshua. Raundi ya tano Joshua akamwangusha. Akasimama. Raundi ya sita mkono wa kulia wa Klitschko ukamlaza Joshua, na kwa raundi kadhaa mzee akamwongoza kijana kwa jabu, safari hii bila kukumbatia kila mara, bila kufunga duka. Raundi ya 11 apakati ya Joshua, konde linalopanda kutoka chini, ilikinyanyua kichwa cha Klitschko juu kama kimekatika shingoni, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mwamuzi akasimamisha. Alishindwa, na ndio usiku watu waliomzomea New York walimsimamia kwa heshima. Ilichukua miaka yote ile waone kilichokuwa nyuma ya ule mkono.

Anayetaka ushahidi kwamba jabu inaweza kuwasha moto amtazame James Douglas, maarufu kama Buster, Tokyo, Februari 1990. Mike Tyson alikuwa na urefu wa sentimita 178 tu, na mvuto wake wote ulizaliwa hapo: hana mikono mirefu, lazima aingie, na akiingia kuna mtu atalala. Dunia ilimpenda kwa hilo. Kasino moja ya Las Vegas ilimpa Douglas nafasi ya 42 kwa moja. Mama yake Douglas alikuwa amefariki wiki chache tu kabla. Tangu kengele ya kwanza Douglas alimwekea Tyson mkono wa kushoto usoni, na kila Tyson alipochuchumaa kuingia alikuta glavu. Hakuna aliyesema anagusagusa. Raundi ya nane Tyson akamwangusha, Douglas akainuka kengele ikamwokoa, na raundi ya kumi akaanza tena kwa jabu, jabu, apakati ya kulia, kisha makonde manne ya kummalizia. Picha inayokumbukwa ni ya Tyson akitambaa sakafuni akitafuta kinga ya meno. Kilichomfikisha sakafuni kilianza na mkono wa mbele.

Wa sasa ni Oleksandr Usyk, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye jabu yake ni ya kulia. Mei 2024 mjini Riyadh alikabiliana na Fury akiwa mfupi kwake kwa sentimita 15 hivi, na alipiga jabu kwenda juu. Kitabuni haifai. Lakini Usyk haitumii kuzuia, anaitumia kuisafirisha miguu yake: mkono ukitoka, mguu umeshahama, na jibu la mpinzani linakuta pameachwa wazi. Raundi ya tisa karibu ammalize Fury. Kwa miaka mingi sijaona mtu aliyefanya jabu ya uzito wa juu ionekane changa kama yeye.

Namrudia Holmes, kwa sababu kuna raundi moja zaidi. Tarehe 22 Januari 1988, Atlantic City. Ana miaka 38, umri uleule Ali aliokuwa nao usiku wa Las Vegas, na ana karibu miaka miwili bila kupigana. Mbele yake ni Tyson katika ubora wake. Raundi tatu Holmes anashikilia tu, anasogea, anakumbatia. Raundi ya nne anainuka kwenye vidole vya miguu na mkono wa kushoto unaanza kutoka, kutoka chini kama zamani, na ukumbi unaamka. Kwa muda mfupi ni 1978 tena. Kisha, mkono ukiwa chini palepale ulipokuwa siku zote, kulia kwa Tyson kunapita juu yake. Holmes anaanguka mara tatu katika raundi hiyo, na mwamuzi anasimamisha. Katika mapambano yake yote 75 ni mara hiyo moja tu alishindwa bila pambano kufikia uamuzi wa majaji.

Februari 1992, katika mji huohuo, akiwa na miaka 42, alipanda tena kumkabili Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1988 ambaye alikuwa hajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa. Alimshinda kwa pointi, raundi 12, akiongoza kwa mkono wa kushoto.